Programu za shule: lini shule ndogo inunue, lini iachane nazo

Muhula wa kwanza unapokaribia, shule nyingi ndogo za binafsi za Busia, Tororo, Mbale na pembezoni mwa Kampala hupata mgeni mwenye laptopu. Anaifungua mbele ya mwalimu mkuu, majina ya wanafunzi wa mfano yanajipanga, karo inajijumlisha yenyewe, ripoti inatoka ikiwa na nembo ya shule juu. Bei huja mwishoni, na mara nyingi hutajwa kwa mwanafunzi mmoja mmoja ili isikike ndogo. Jumamosi bodi inakutana na swali linalowekwa mezani ni moja: tununue au tusinunue?

Swali hilo linaumiza kuliko linavyoonekana. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022, kipindi kirefu ambacho nchi chache sana duniani zilikifikia. Wazazi na wenye shule waliona kwa macho yao mtoto akikaa nyumbani bila kufikiwa na mwalimu. Hofu ya kuachwa nyuma ilibaki, na muuzaji anaijua. Nimewaona watu makini kabisa, watu wanaohesabu magunia ya mahindi ya uji moja moja, wakikubali programu kwa sababu tu shule ya jirani inayo. Ndiyo maana naandika haya. Pesa ya shule ndogo ni pesa ya mama anayeuza samaki mpakani, na inastahili kuulizwa maswali kabla haijatoka.

Kwanza tutenganishe vitu. Neno "programu ya shule" limebeba mizigo mitatu isiyofanana. Upo mfumo wa kumbukumbu: majina, karo, alama, ripoti. Zipo programu za kufundishia, ambazo mtoto mwenyewe anazitumia kujifunza kusoma au hisabati. Na kuna vyombo vya kuwasiliana na wazazi, yaani ujumbe wa simu na matangazo. Muuzaji huvifunga vitatu katika furushi moja. Bodi ivifungue, ikiamue kila kimoja peke yake, maana jibu la kimoja halikisaidii kingine. Hicho cha tatu sitakaa nacho: shule ya watoto mia mbili inaweza kuwafikia wazazi kwa simu ya kawaida na kundi la WhatsApp, na asiyekuwa na simu janja anafikiwa na mtoto wake mwenyewe akibeba karatasi.

Sasa jambo ambalo naliona ni kiini. Sehemu kubwa ya programu za shule zimetengenezwa kutibu ugonjwa wa ukubwa. Shule yenye wanafunzi elfu mbili haijui nani hakuja leo, nani yuko nyuma katika kugawanya, nani anadaiwa. Shule ya wanafunzi mia na arobaini inajua. Mwalimu mkuu anasimama langoni asubuhi na anawajua watoto wote, hata nyanya zao. Kumuuzia mwalimu huyo mfumo wa kumwambia nani hayupo ni kumuuzia alichonacho.

Lakini udogo nao una ugonjwa wake, na huo ni mtu mmoja. Mhasibu mmoja ndiye anayeijua leja. Mwalimu mmoja wa hisabati ndiye anayejua darasa la sita limefika wapi. Akiugua, akihamia shule inayolipa zaidi, au akiondoka kwa ugomvi, kumbukumbu inaondoka naye. Mizania yangu basi ni hii: programu inafaa shule ndogo pale inapoiokoa kutoka kumtegemea mtu mmoja, na haifai pale inapoongeza mtu mmoja mwingine wa kutegemewa, yaani yule kijana pekee anayejua kompyuta.

Tuanze na kumbukumbu, kwa kuwa huko ndiko pesa nyingi za shule ndogo huelekea. Chukua mfano wa kukadiria: shule ya msingi yenye watoto 240, masomo manne yanayotahiniwa katika PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi), na mitihani mitatu kwa muhula, wa kufungua, wa katikati na wa kufunga. Hizo ni alama 2,880 kila muhula. Mwalimu akijaza kadi moja ya ripoti kwa mkono, kujumlisha, kupanga nafasi na kuandika maoni, tuseme dakika kumi, kadi zote zinakula saa 40. Kwa kompyuta, alama kumi kwa dakika pamoja na kuzihakiki, kazi ya kuingiza inaisha chini ya saa tano. Maoni ya mwalimu bado yataandikwa, lakini kujumlisha na kupanga nafasi kumekwisha. Tofauti hiyo ni ya kweli na walimu wataishukuru.

Ila kazi hiyohiyo inafanywa na jedwali la kawaida la kompyuta. LibreOffice, programu yenye majedwali hayo, hailipiwi hata shilingi, na mwalimu aliyefundishwa kwa siku chache anaweza kutengeneza karatasi moja ya kila darasa inayojumlisha na kupanga nafasi. Kwa hiyo anayeuza mfumo asilinganishwe na kalamu. Alinganishwe na jedwali la bure. Hapo ndipo utaona anachoongeza kweli.

Kwa sekondari uzito ni mwingine. Tangu mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne uanze mwaka 2020, kazi anazofanya mwanafunzi darasani mwaka mzima zinahesabiwa: asilimia 20 ya matokeo ya UCE, cheti cha kidato cha nne, hutokana nazo na asilimia 80 na mtihani wa mwisho. Wanafunzi wa kwanza wa mpango huo walifanya UCE mwaka 2024. Mwalimu wa sekondari akipoteza daftari la alama amepoteza sehemu ya cheti cha mtoto. Shule ya sekondari, hata iwe ndogo namna gani, inahitaji alama hizo zikae mahali pawili ambapo zaidi ya mtu mmoja anaweza kuzifikia. Na tukumbuke kwamba Wizara ya Elimu na Michezo ina mfumo wake wa taarifa, EMIS, unaompa kila mwanafunzi namba yake ya utambulisho, na UNEB, baraza la mitihani la taifa, nayo husajili watahiniwa kwa njia ya kompyuta. Yaani suala la kuwa na mtu anayejua kuingiza taarifa limeshaamuliwa na serikali. Afadhali wawe wawili.

Halafu karo. Hapa muuzaji husema: mfumo utakuongezea makusanyo. Inawezekana, lakini iulizwe kwa makini, kwa kuwa deni la karo ni la aina mbili. Lipo deni la mzazi ambaye hana. Mvua imekosekana, biashara ya mpakani imelala, mume amekaa muda bila kutuma. Hakuna programu duniani itakayoweka pesa katika mfuko huo. Na lipo deni la vurugu: mzazi alilipa kwa mwalimu wa darasa, risiti haikuandikwa, ndugu wawili wameandikwa majina yanayofanana, mhasibu aliahirisha kujumlisha hadi mzazi akasahau. Deni hili la pili ndilo mfumo unaloweza kulitibu.

Kuyatofautisha si kazi ngumu. Chukua orodha ya wadaiwa wa muhula uliopita, mpigie kila mzazi, mtajie kiasi unachomdai, umuulize kama anakubaliana nacho. Ukikuta karibu wote wanasema "ni kweli mwalimu, nivumilie", vitabu vyako viko sawa na mfumo hautakuletea shilingi. Ukikuta mzazi baada ya mzazi anabisha na kutoa risiti yake, tatizo ni vitabu. Tuseme karo ni shilingi 250,000 kwa muhula. Watoto 240 wanaleta 60,000,000. Ikiwa asilimia tatu inapotelea katika vurugu, hiyo ni 1,800,000 kila muhula. Sasa una namba ya kuweka mbele ya bei ya muuzaji.

Kuna njia ya katikati ambayo shule nyingi tayari zinaijua, ya kulipa karo kwa simu. SchoolPay, kwa mfano, humpa kila mwanafunzi namba yake ya malipo, mzazi analipa kupitia MTN au Airtel, na jina la mtoto linajulikana palepale. Faida yake kubwa naiona katika hili: pesa haipiti mikononi mwa mtu, na kumbukumbu haikai katika kichwa cha mhasibu. Muuzaji yeyote wa huduma kama hiyo aulizwe nani anabeba gharama ya muamala. Na sisi wa mpakani tuna swali letu la ziada: mzazi anayeishi ng'ambo, Busia ya Kenya, mwenye laini ya Safaricom, atalipaje? Kama jibu ni kwamba atafute mtu wa upande huu amlipie, vurugu zimerudi kwa mlango wa nyuma.

Tukija kwenye programu za kumfundisha mtoto, nawaomba wasomaji wapunguze mwendo. Huku ahadi ni kubwa zaidi na ushahidi unataka kusomwa vizuri.

Nchini Peru serikali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi vijijini kupitia mpango wa One Laptop per Child. Watafiti walilinganisha shule 319, na baada ya miezi kama 15 hawakuona alama za hisabati wala za lugha zikipanda. Kompyuta zilifika, zikatumika, na kujifunza kukabaki kulekule.

Delhi, India, hadithi ikawa tofauti. Watoto walihudhuria vituo vya baada ya masomo vyenye programu iitwayo Mindspark: dakika 45 kwenye kompyuta, dakika 45 na mwalimu katika kundi dogo. Kwa miezi minne na nusu tu waliendelea katika hisabati na Kihindi kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Siri yake inaeleweka ukijua hali waliyoanza nayo. Mtoto wa kawaida wa darasa la sita pale alikuwa nyuma kwa kama madarasa mawili na nusu katika hisabati, huku mwalimu wake akifundisha mtaala wa darasa la sita. Programu ilimpima, ikaanza naye pale alipo.

Na Afrika Mashariki tuna mfano wetu, ambao nashangaa hautajwi zaidi. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, programu tano za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu zilijaribiwa kwa Kiswahili mkoani Tanga. Watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa tableti, na vijijini vikawekwa vituo vya kuchaji kwa sola. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Wengi wa watoto wale hawakuwa wakienda shule, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa kama nusu. Masharti ya shindano yalitaka programu zote za fainali zitolewe huria, bila malipo.

Ukiiweka mifano hii pamoja unaona kwamba kifaa peke yake hakikufundisha. Kilichofundisha ni somo kuanza pale mtoto alipo, na muda wa kutosha kila siku. Shule kubwa ya watoto tisini darasani inaweza kuhitaji mashine ili kulifanya hilo. Shule ndogo inaweza kuanza na chaki. Wapime watoto wa darasa la tatu hadi la tano kwa kusoma aya moja na kufanya hesabu chache, wagawe kwa kiwango badala ya umri kwa saa moja kila siku, kila mwalimu achukue kundi. Mimi ningefanya hivi kwanza, muhula mzima, kabla ya kununua tableti hata moja. Kikishindikana kwa sababu walimu hawatoshi, sasa unajua tableti unazihitaji zifanye kazi gani.

Isipokuwa pale ambapo mwalimu hayupo kabisa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima msingi na sekondari, na shule nyingi hazina mwalimu wake. Hapa Busia watoto wanaongea Kiswahili sokoni kutwa, lakini wengi hawajawahi kukisoma kwenye ukurasa. Programu zile za Tanga ni za bure, ni za Kiswahili, na zimetengenezwa kwa mtoto asiyejua herufi. Tableti chache zinazozunguka madarasa zinaweza kuziba pengo ambalo shule ndogo haina mshahara wa kuliziba. Mwalimu wa Kiswahili bado anahitajika. Ila mtoto hatamsubiri akiwa amekaa bure.

Sasa gharama, ambako ndiko wengi huumia. Chukua tena mfano wa watoto 240. Muuzaji anasema shilingi 5,000 kwa mtoto kwa muhula, bei ya kudhania tu. Hiyo ni 1,200,000 kwa muhula, 3,600,000 kwa mwaka, 10,800,000 kwa miaka mitatu. Bado kuna laptopu, wino wa printa, bando, na kifaa cha kuilinda kompyuta umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Bado kuna kufundisha upya kila mwalimu anapoondoka, na katika shule za binafsi wanaondoka mara nyingi. Tumezoea kuona visima vya pampu vilivyochimbwa na wafadhili vikisimama kavu kwa kukosa vali, kwa kuwa hakuna aliyepangiwa kulipia matengenezo. Programu iliyotolewa kwa msaada huelekea hukohuko mwaka wa pili, pale ufadhili unapokwisha na ankara ya kwanza inapofika. Bodi iulize bei ya mwaka wa tatu. Ya mwaka wa kwanza ni chambo.

Umeme na intaneti haviruhusu matumaini ya bure. Januari 2021, siku ya kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Mfumo unaoishi mtandaoni tu ungefungiwa na risiti zake zote. Tangu Julai 2021 data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Sheria inaitoa data ya huduma za elimu, kwa hiyo shule inayonunua kifurushi chake imuulize mtoa huduma kama msamaha huo umehesabiwa. Kwa kufundishia, njia salama zaidi ni ile isiyotaka intaneti. Kolibri, programu huria ya bure, hukaa kwenye kompyuta moja ya shule ikiwa na masomo yake yote, na vifaa vingine huunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani bila bando. Kiwix hufanya vivyo hivyo kwa Wikipedia. Tableti ishirini zinazochajiwa kwa wati 10 kila moja zinataka wati 200 kwa pamoja, mzigo ambao mtambo wa wastani wa sola unaubeba. Chumba cha kompyuta za mezani ni habari nyingine.

Lipo pia jambo la sheria ambalo shule ndogo hulipuuza kwa kudhani ni la makampuni. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaihusu shule, na kwa taarifa za mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwanza. Majina, alama, hali ya afya, namba ya simu ya mama: muuzaji anavishika vyote. Je, amejisajili na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi? Seva zake ziko wapi? Hatumiliki watoto hawa, tumeaminiwa nao, na taarifa zao zimo katika amana hiyo.

Kama baada ya haya yote bodi bado inaona haja, ijaribu kabla ya kulipa mwaka. Darasa moja, muhula mmoja, leja ya karatasi ikiendelea kando. Watu wawili wafundishwe tangu siku ya kwanza, na mmoja wao awe mtu mzima ambaye hana mpango wa kuhama, hata kama ni mwepesi kidogo tu wa kompyuta. Katikati ya muhula yule mjuzi apewe likizo ya siku tatu bila simu. Mwenzake aweze kutoa risiti, kuingiza alama na kuchapisha orodha ya wadaiwa. Akishindwa, shule imenunua mtegemewa mpya na jaribio limesema hapana, hata kama ripoti zinapendeza.

Nywila ikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti wa bodi. Nakala ya kumbukumbu itolewe kila Ijumaa kwenye flashi inayolala nje ya ofisi. Na katika mkataba kiwemo kifungu kinachosema shule ikiacha kulipa, itapewa taarifa zake zote katika jedwali la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, ndani ya siku zilizotajwa, bila malipo ya ziada. Muuzaji anayejiamini hukubali hilo palepale. Akianza kuzunguka, akisema ni mambo ya kitaalamu, ashukuriwe kwa muda wake na leja ya karatasi iendelee hadi apatikane atakayetia saini.